Kuzika Jino: Mazishi ya Kitaifa ya Patrice Lumumba na Msamiati wa Msiba Katika Tarime na Serengeti



Tarehe 30 Juni 2022, siku Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipotimiza miaka 62 ya uhuru, Waziri Mkuu wake wa kwanza alizikwa mjini Kinshasa kwa heshima zote za kitaifa. Kulikuwa na jeneza, bendera, gwaride, viongozi wa nchi na familia ya marehemu. Ndani ya jeneza lile hamkuwa na mwili. Mlikuwa na jino moja. Patrice Emery Lumumba aliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961, akazikwa miaka 61 baadaye, na kilichozikwa ni hicho kilichosalia.

Wanahistoria wameandika mengi juu ya mauaji hayo. Mimi ni mtu wa lugha, na swali langu ni dogo: Kiswahili kinaruhusu tuseme kwamba Lumumba *alizikwa*? Nitalijibu kwa kuanzia mahali ambapo pengine hamkupatarajia, yaani misibani katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Huko Wakurya, Wajaluo, Wangoreme, Waikoma na Wanata hukutana kila mmoja na lugha yake, na matangazo ya msiba hutolewa kwa Kiswahili ili kila aliyefika aelewe. Lugha inayotumika kwa namna hiyo hulazimika kuwa wazi: nani amekufa, amekufaje, nani amefiwa, atazikwa wapi na nani.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kutokana na *zika* tunapata *mazishi* na *mzishi*, kwa kanuni ileile inayotupa *mapishi* na *mpishi* kutokana na *pika*, na *maandishi* kutokana na *andika*. Neno *mazishi* tunalisikia kila siku. *Mzishi* limefifia, nami nalisikitikia, kwani kamusi za zamani zinalipa maana mbili: mtu anayezika, na rafiki wa karibu ambaye unaamini kwamba siku yako ikifika hatakuacha juu ya ardhi. Maana hiyo ya pili ndiyo iliyobaki katika usemi wetu wa *rafiki wa kufa na kuzikana*. Angalieni kiambishi *-an-* katika *zikana*. Kimantiki watu wawili hawawezi kuzikana, maana atakayetangulia hatarudi kumzika mwenzake. Wasemaji wa Kiswahili wanalijua hilo vizuri, na bado wanasema *kuzikana*, kwa sababu neno halielezi tendo moja la siku moja. Linaeleza ahadi inayokwenda pande mbili: yeyote atakayetangulia, mwenzake atamstiri. Kwa hiyo kuzika, katika Kiswahili, ni zaidi ya kufukia. Mbegu hufukiwa, shimo hufukiwa, na muuaji naye anaweza kufukia. Kinyume cha *fukia* ni *fukua*, na wanafunzi wangu waliweke neno hilo akilini, kwa maana tutalihitaji sasa hivi.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 huko Onalua, Sankuru, katika jamii ya Watetela. Ujana wake wa kazi aliupitisha kwenye maeneo ya Kiswahili: kwanza upande wa Kindu, kisha Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, alikokuwa karani wa posta. Mwaka 1958 alishiriki kuanzisha chama cha Mouvement National Congolais, na tarehe 30 Juni 1960 akawa Waziri Mkuu wa nchi huru. Septemba 5 Rais Kasavubu alitangaza kumwondoa madarakani. Mwanzoni mwa Desemba alikamatwa na askari wa Mobutu alipokuwa akijaribu kufika Stanleyville kwa wafuasi wake. Tarehe 17 Januari 1961, yeye na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walisafirishwa kwa ndege hadi Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mji mkuu wa Katanga iliyokuwa imejitenga. Waliteswa, na usiku huohuo wakapigwa risasi porini mbele ya viongozi wa Katanga, Moïse Tshombe na Godefroid Munongo wakiwamo, pamoja na maofisa wa Kibelgiji.

Maiti zilifukiwa palepale. Siku iliyofuata zikafukuliwa, zikapelekwa mbali na kufukiwa tena. Siku chache baadaye zikafukuliwa mara ya pili. Safari hii ofisa wa polisi wa Kibelgiji aitwaye Gerard Soete, akisaidiwa na mwenzake, alizikatakata na kuziyeyusha kwa asidi. Karibu miaka 40 baadaye Soete alieleza jambo hilo mwenyewe mbele ya kamera, na akakiri kwamba alikuwa amechukua meno. Maelezo ya kazi hiyo yanatosha kwa vitenzi viwili, *fukia* na *fukua*. Hakuna mahali popote ambapo *zika* lingefaa.

Sasa sikilizeni tangazo. Tarehe 13 Februari 1961, karibu mwezi mzima baada ya mauaji, Munongo akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Katanga aliwaambia waandishi wa habari kwamba Lumumba na wenzake walikuwa wametoroka kizuizini na kuuawa na wanakijiji. Akaongeza kwamba serikali yake haitakitaja kijiji hicho, wala mahali walipozikwa. Nayaweka maneno hayo kwa Kiswahili kwa makusudi, ili tuone muundo wake. Katika sentensi ya kutendwa, Kiswahili humtambulisha mtenda kwa neno dogo *na*: *wameuawa na* fulani. Mwenye kutangaza ana njia tatu. Anaweza kumtaja mtenda. Anaweza kukomea kwenye *wameuawa* na kuliacha pengo, na kila msikilizaji atalisikia pengo hilo. Au anaweza kulijaza pengo kwa mtenda asiye na jina, ambaye hawezi kuulizwa wala kushtakiwa. Munongo alichagua njia ya tatu. Wanakijiji wake walikuwapo katika sarufi tu.

Watu wa Tarime wanaijua sentensi hiyo. Wilaya ile imeona miaka mingi ya mapigano ya koo na wizi wa mifugo, kiasi kwamba serikali iliunda kanda maalumu ya kipolisi ya Tarime na Rorya. Taarifa za vifo vya namna hiyo mara nyingi huandikwa kwamba marehemu *ameuawa na watu wasiojulikana*. Kwa mtazamo wa kisarufi maneno hayo yamekamilika: *na* ipo, nomino ipo, kirai rejeshi kipo. Lakini msibani hayampi mtu yeyote nafuu, kwa sababu wanaoketi pale mara nyingi hujiuliza jambo lingine: wasiojulikana *kwa nani*? Kwa Wakurya baraza la jamii, *iritongo*, lilikuwa ndilo mahali pa kuuliza swali hilo hadharani, jina hadi jina. Sisemi kwamba baraza lilipata jibu la haki kila mara. Nasema kwamba halikutosheka na nomino ya jumla.

Dai la pili la Munongo, kwamba wamezikwa mahali pasipotajwa, ndilo linalonigusa zaidi kama mwanaisimu. Siku alipolitoa hapakuwa na kaburi lolote duniani la Patrice Lumumba. Hata kama lingekuwapo, kaburi ambalo wafiwa hawaruhusiwi kulijua si kaburi. Na neno *wafiwa* linastahili kituo kidogo, kwani limejengwa kwa ustadi. Mzizi ni *fa*. Unatiwa kauli ya kutendea tukapata *fia*, kisha kauli ya kutendwa tukapata *fiwa*. Mfiwa ni mtu ambaye kifo kimemtokea yeye, ingawa aliyekufa ni mwingine. Lugha nyingi hutumia kwa maana hiyo neno la kunyang'anywa au la kubaki peke yako. Kiswahili kinamweka aliyebaki ndani ya kitenzi cha kufa chenyewe. Katika mazishi ya kitaifa kiti hicho cha mfiwa hugombewa: serikali husema *taifa limefiwa*, na mjane na watoto husogezwa safu ya pili. Mobutu, ambaye askari wake walimkamata Lumumba, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966, na kwa tendo hilo akajikalisha miongoni mwa wafiwa.

Mkoa wa Mara una kumbukumbu yake ya mazishi ya kitaifa, na inafaa kulinganisha. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama tarehe 23 Oktoba. Hakuuawa, na hilo ni tofauti kubwa. Lakini huko ndiko watu wengi wa Serengeti na Tarime walikozoea msamiati wa dola katika msiba: *mwili wa marehemu*, *kutoa heshima za mwisho*, *maombolezo ya kitaifa*, *hayati*. Neno la mwisho lina asili ya Kiarabu na maana yake ni uhai, nasi tunamtajia mtu aliyekufa. Baadhi ya wanazuoni hulikejeli kwa sababu hiyo. Mimi naona watumiaji wamelifanyia kazi nzuri, wakalitenga na *marehemu* ili liwe cheo cha wachache. Sheikh Abeid Amani Karume, aliyepigwa risasi tarehe 7 Aprili 1972 na kuzikwa Kisiwandui, ni *hayati*. Eduardo Mondlane wa FRELIMO, aliyeuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, alizikwa kwanza Kinondoni, na baadaye mabaki yake yakahamishiwa Maputo. Katika misiba hiyo yote palikuwa na mwili. Maneno yalikuwa na kitu cha kushika.

Bila mwili, hufanyika nini? Hapa ndipo pwani ya Ziwa Viktoria inaposaidia. Wajaluo wa upande wa Shirati na vijiji jirani, eneo ambalo hadi mwaka 2007 lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime kabla ya Rorya kuwa wilaya kamili, wana jibu la zamani, wanaloshiriki na ndugu zao wa Kenya. Mtu akizama ziwani asionekane, au akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa tunda la mti uitwao kwa Kijaluo *yago*. Kwa Kiswahili mti huo ni mvungunya, na wengine huuita mwegea. Yeyote aliyepita kando ya mito ya Serengeti ameuona: matunda yake marefu, mazito, ya rangi ya kijivu, yananing'inia kwenye vikonyo kama kamba. Tunda huchukua nafasi ya maiti, likazikwa nyumbani kama ambavyo mtu angezikwa. Anayelizika anajua vema kwamba si mwili. Hakuna anayedanganywa. Kinachotimizwa ni upande wa waliobaki katika ile ahadi ya *kuzikana*. Aliyezama hawezi tena kutimiza lolote, ila nyumba yake inaweza.

Nilipokuwa nikieleza desturi hii darasani, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama tunda si mzaha. Nikamwomba atafute Kiswahili cha kile ambacho mahakama ya Ubelgiji ilikirudisha. Jino lilichukuliwa na vyombo vya sheria mwaka 2016 kutoka kwa binti wa Soete, kufuatia malalamiko ya Ludo De Witte, mtafiti ambaye kitabu chake cha mwaka 1999 kilikuwa kimefufua suala zima. Mwaka 2020 Juliana Lumumba, binti wa marehemu, alimwandikia Mfalme wa Ubelgiji akiomba mabaki ya baba yake, na Septemba mwaka huo jaji akaamuru familia irudishiwe. Ofisi ya mwendesha mashtaka ilieleza wazi kwamba hapakuwa na uthibitisho kamili kuwa jino hilo ni la Lumumba, kwa sababu kipimo cha vinasaba kingeliharibu. Urudishaji ulikuwa wa ishara. Basi hata Brussels, pamoja na maabara zake zote, ilifika mahali ambapo wazee wa Shirati wamekuwapo siku nyingi: kuna kitu mkononi, hakiwezi kuwa mwili, na wafiwa wanakihitaji.

Lakini tofauti ipo, na ni kubwa kuliko mfanano. Tunda la *yago* linatoka porini, halina hatia. Jino lilitoka katika mkono wa mtu aliyeuharibu mwili, likakaa kwake kama kumbukumbu ya kazi yake. Ndiyo maana siioni sawa tafsiri ya haraka inayosema kwamba Wakongo walizika tunda lao la *yago*. Walizika kitu ambacho kilikuwa kwanza kielelezo cha kosa. Kiswahili kina neno moja linalobeba pande zote mbili, nalo ni *shahidi*: anayetoa ushahidi, na anayekufa kwa ajili ya haki au imani. Msanii wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya 100 na kuzieleza kwa Kiswahili cha Shaba katika mazungumzo yake na Johannes Fabian mwaka 1973 na 1974, alimchora Lumumba aliyeuawa kwa mfano wa Kristo, na nyuma yake misalaba mitatu.  Mchoraji alimpa mwili uliolala, wenye jeraha ubavuni. Kwa maoni yangu hayo nayo yalikuwa mazishi, na yalitangulia ya serikali kwa karibu miaka 50.

Mazishi mengine yalifanyika kwa jina. Dar es Salaam ina Mtaa wa Lumumba, ambako TANU ilikuwa na makao yake. Unguja kuna shule ya Lumumba. Nairobi Oginga Odinga alishiriki kuanzisha Taasisi ya Lumumba mwaka 1964, ikafungwa mwaka uliofuata. Moscow kulikuwa na chuo kikuu chenye jina hilo kilichosomesha vijana wengi wa Afrika Mashariki, na jina likarudishwa mwaka 2023. Ila lenye uzito kwangu ni jina la mtoto. Wajaluo huwapa watoto majina ya waliokufa, na baada ya mwaka 1961 jina la Kitetela likaingia katika nyumba za kando ya ziwa, Kenya na Tanzania. Mwanasheria wa Kenya, Profesa P. L. O. Lumumba, aliyezaliwa mwaka 1962, ni mfano unaojulikana na wengi. Mtu asiye na kaburi alipata warithi ambao hata hawakuisikia lugha yake.

Turudi kwenye Juni 2022. Tarehe 20, katika Kasri la Egmont mjini Brussels, mwendesha mashtaka aliikabidhi familia kisanduku kidogo, kisha jino likawekwa katika jeneza la ukubwa wa kawaida. Waziri Mkuu Alexander De Croo aliomba radhi na kusema kwamba Ubelgiji ina wajibu wa kimaadili. Kauli hiyo ilifuata msimamo wa tume ya bunge lao, na radhi ambayo Waziri wa Mambo ya Nje Louis Michel alikuwa ameiomba mwaka 2002. Wiki mbili kabla, Mfalme Philippe akiwa Kinshasa alikuwa ameeleza masikitiko makubwa juu ya ukoloni, bila kutamka radhi. Mwanaisimu hawezi kuyapita maneno haya. *Kusikitika* ni hali ya moyo, haimhitaji mtenda. *Kuomba radhi* kunamhitaji mwombaji na mwombwa. *Wajibu wa kimaadili* ni nomino iliyotengwa na kitenzi; ukiuliza *nani alimuua*, haijibu. Familia ilikuwa imeliuliza swali hilo kwa njia ya sheria tangu mwaka 2011, ilipofungua malalamiko Brussels dhidi ya Wabelgiji iliowataja kwa majina. Watoto wa Lumumba walikataa *watu wasiojulikana*.

Jeneza likapelekwa Kinshasa, kisha Sankuru alikozaliwa, kisha Kisangani, kisha Lubumbashi na hadi Shilatembo, mahali pa mauaji. Safari hii ilipita kwa sehemu kubwa katika nchi ya Kiswahili. Lubumbashi msiba huitwa *kilio*. Kwingine nchini humo watu hutumia *matanga*, neno ambalo kwetu ni kipindi chote cha maombolezo kabla ya kuanuliwa. Nimewasikia wenzangu wakilalamika kwamba kulizungusha jino nchi nzima kulikuwa siasa ya serikali ya Rais Tshisekedi. Inawezekana kabisa. Hakuna mazishi ya kitaifa yasiyo na siasa, na anayetaka msiba usio na siasa asiwaite mawaziri. Lakini aliyewahi kukaa katika msiba wa Mara atatambua jambo la pili katika safari ile: marehemu hupitishwa alikoishi na alikofanya kazi, watu wamwone, na zaidi ya hapo aonekane kwamba amerudi. Kituo cha Shilatembo sikukitarajia. Kumpeleka marehemu mahali alipouawa ni kulitamka lile *na* bila maneno.

Kwa hiyo, swali la mwanzo. *Alizikwa* nalikubali, kwa sharti kwamba tumsome mtenda wake. Waliomzika ni watoto wake, pamoja na watu wa Sankuru, Kisangani na Lubumbashi waliojipanga barabarani. Hao ndio wazishi kwa maana zote mbili za kamusi. Ubelgiji ilikabidhi, hilo ni tendo jingine lenye kitenzi chake. Dola la Kongo liliandaa. Nacho ni kitenzi kingine. *Kuzikana* baina ya Brussels na Kinshasa sioni msingi wake wa kisarufi wala wa kihistoria, ingawa baadhi ya hotuba za wiki ile ziliongea kana kwamba upande uliofukia na upande uliofiwa vimekuwa upande mmoja wa matanga.

Novemba 2024 watu walivamia jengo la kaburi hilo pale Limete, Kinshasa, wakaharibu na kuvunja jeneza. Habari zilipoenea, swali la kwanza la watu lilihusu jino. Serikali ilijibu kwamba lipo salama, kwa kuwa lilikuwa limehifadhiwa kwingine. Nawaachia wanafunzi wa semantiki walitafutie jibu hilo kitenzi kinacholifaa.